Mvinje, ukindu na theluji ya pamba: kila Krismasi tunabishania nini?

Kila Desemba ikikaribia, mahubiri yale yale huanza kuzunguka kwenye simu. Spika inakoroma, mhubiri anasoma Yeremia sura ya 10, pale nabii anapowacheka watu wa mataifa: mtu hukata mti mwituni, fundi akauchonga, wakaupamba kwa fedha na dhahabu, wakaukaza kwa misumari na nyundo usitikisike. Kisha linakuja swali: huo mti uliousimamisha sebuleni, na vitaa vyake vya kuwakawaka, una tofauti gani na huo? Haipiti siku, jibu linarushwa kutoka upande wa pili, mara nyingi na katekista au mwanakwaya aliyeudhika, kwamba mhubiri huyo hajui historia. Majilio yanaishia hapo, watu wametumiana maneno badala ya kujiandaa kwa sikukuu.

Mabishano haya yana ladha yake hapa Bagamoyo. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha hapa misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Tanzania Bara. Msalaba wa kumbukumbu ya mwaka ule ungali unatazama bahari. Kanisa la zamani la mwaka 1872 lipo, na mnara wake ndio uliouhifadhi mwili wa David Livingstone Februari 1874 kabla haujavushwa Unguja. Mwaka 2018 Wakatoliki walimiminika hapa kuadhimisha jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji. Kwa hiyo Noeli na Pasaka si wageni wa jana katika mji huu, ingawa mji wenyewe wakazi wake wengi ni Waislamu na adhana ndiyo inayoamsha watu, si kengele. Mtu anayesema sikukuu za Kikristo ni za Wazungu anasema hivyo mbele ya makaburi ya Waafrika waliozisherehekea tangu babu wa babu zake hawajaoana.

Hoja ya mti ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Yeremia alihubiri karibu miaka 600 kabla ya Kristo, na ukiendelea kusoma mistari inayofuata utaona anasema habari za sanamu: kitu kilichochongwa, kisichoweza kusema wala kutembea, sharti kibebwe. Mti wa Krismasi unaanza kuonekana katika maandishi ya Wajerumani na majirani zao karne ya 16. Maelezo mashuhuri ya mwanzo yanatoka Strasbourg, mwaka 1605, yakisema watu waliweka misonobari vyumbani na kuitundika mawaridi ya karatasi na matofaa. Baina ya nabii na mti ule kuna zaidi ya miaka 2,000. Kumfanya Yeremia aukemee ni kumwekea maneno mdomoni.

Hoja ya tarehe ina nguvu zaidi kidogo. Tunaambiwa Desemba 25 ilikuwa siku ya Jua Lisiloshindwa, mungu ambaye Kaisari Aurelian alimjengea hekalu Roma mwaka 274, na kwamba Kanisa liliibatiza tu siku ya watu. Inawezekana. Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya mwanzo inayoitaja siku hiyo kuwa ya jua ni kitabu cha kalenda cha Roma cha mwaka 354, na kitabu hicho hicho ndicho kinachotaja kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu siku hiyo hiyo. Nani alimwiga nani, karatasi hiyo haisemi. Wako wanahistoria wenye maelezo mengine: Wakristo wa kale waliamini Kristo alitungwa mimba tarehe ile ile aliyokufa, wakaikadiria kuwa Machi 25, na ukihesabu miezi tisa mbele unafika Desemba 25 bila kumhitaji Aurelian. Mimi naona pande zote mbili zingefaa kupunguza sauti hapa. Mtu mnyoofu hawezi kusimama madhabahuni akatangaza kwamba Yesu alizaliwa siku hiyo kweli kweli, wala hawezi kusimama kwenye mkutano wa hadhara akatangaza kwamba imethibitika ni siku ya jua.

Hoja nzito ya wapinga sikukuu ni nyingine, na hawaitumii vya kutosha: Biblia haiamuru popote kuadhimisha kuzaliwa kwa Yesu. Hilo ni kweli tupu. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi wala Pasaka kwa misingi ya namna hiyo. Wala hawakuwa wa kwanza. Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Uingereza walipolishika Bunge waliifuta Krismasi mwaka 1647, na wenzao wa Massachusetts wakaweka faini ya shilingi 5 kwa atakayeisherehekea, sheria iliyodumu kuanzia 1659 hadi 1681. Watu wale hawakuwa wajinga wa Maandiko. Walihofia kwamba binadamu akianza kujitungia ibada hajui pa kusimama, na ukiangalia baadhi ya mabaa yetu usiku wa tarehe 24 unaweza kuwaelewa.

Lakini hoja hiyo ina mlango wa nyuma. Yohana 10:22 inamwonyesha Yesu akitembea hekaluni Yerusalemu wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, sikukuu ambayo haimo katika Torati ya Musa. Iliwekwa na watu, baada ya hekalu kutakaswa enzi za Wamakabayo, wale wapiganaji wa Kiyahudi. Injili haisemi aliikemea. Kama watu wa Mungu waliruhusiwa kuweka siku ya kukumbuka jambo kubwa lililowapata, ni vigumu kusema Mkristo wa Bagamoyo amekosa kwa kuweka siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa Bwana wake.

Kuna jambo la haki ambalo pande zote mbili huliruka, nami ndilo linaloniuma. Mwaka 601 Papa Gregori alimpelekea ujumbe Mellitus, mmisionari aliyekuwa akielekea Uingereza. Alimwagiza asibomoe mahekalu ya wenyeji. Avunje sanamu, anyunyize maji ya baraka, aweke altare, na ng'ombe waliokuwa wakichinjwa kwa mashetani waendelee kuchinjwa, ila sasa kwa karamu ya kumshukuru Mungu. Ni barua ya busara sana. Ndiyo inayotajwa na watetezi wa desturi za Ulaya wanapoulizwa habari za misonobari na mashada. Sasa niambie: ni wapi barua hiyo ilisomwa kwa faida ya Wazaramo, Wakwere au Wadoe? Misheni nyingi za zamani ziliona ngoma ni shetani mtupu, na aliyebatizwa alitakiwa kuiacha nje ya uzio. Ilibidi kusubiri Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, na hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ndipo muziki wa wenyeji ukapewa heshima yake kanisani na manyanga yakaingia rasmi. Desturi ya Mjerumani ilibatizwa. Ya Mkwere iliambiwa itubu. Na ajabu, mhubiri wa leo anayeupiga vita mti wa Krismasi kwa jina la kupinga upagani ndiye yule yule anayeipiga vita ngoma kwa jina hilo hilo. Angalau yeye hana upendeleo.

Ndiyo maana kipimo cha "kilitoka wapi" hakinifikishi popote. Na pwani hakifai zaidi kuliko kwingineko. Ile njia ya miembe inayokwenda misheni, ambayo kila mgeni huipiga picha, ni ya miti ambayo asili yake ni Bara Hindi. Mnazi wenyewe ulikuja kwa maji. Pilau ilikuja na jahazi, na viungo vyake hali kadhalika. Mtu wa Bagamoyo akianza kutupa kila kilichotoka ng'ambo atabaki amekaa mchangani hana hata mkeka. Afadhali kuuliza mambo mawili: ishara hii inamwambia nini mtu anayeitazama, na inamgharimu nini?

Jumapili ya Matawi hapa inajibu vizuri. Asubuhi mapema watoto wanashuka na makuti machanga ya mnazi, yale ya rangi ya manjano yasiyokauka bado, na wengine wanakuja na ukindu. Ukindu ndio wenye kazi nzuri. Jani linapasuliwa kwa ukucha katikati, linapigwa pindo, ncha inapitishwa kwenye kitanzi, na kabla hujamaliza salamu bibi aliyeketi barazani amekwishakukabidhi msalaba mdogo usiohitaji uzi wala gundi. Ni mikono ile ile inayosuka ukili wa mikeka mwaka mzima, na mikeka hiyo huishia kutandikwa popote, msikitini na kwenye vyumba vya Wakristo. Yohana peke yake ndiye anayetaja mitende katika kisa cha Yesu kuingia Yerusalemu; Mathayo anasema matawi ya miti tu. Wataalamu wa mimea wanauweka mtende na mkindu katika jenasi moja, Phoenix, kwa hiyo sisi tuna ndugu wa damu wa tawi la Yerusalemu ambaye anaota bondeni bila kununuliwa. Warusi na Wapolandi, wasio na mtende wala mkindu, walishika matawi ya mierebi, na hakuna aliyewaambia Pasaka yao ni pungufu.

Matawi yale hayaishii siku ile. Yanachomekwa juu ya mlango au nyuma ya picha, yanakauka, na mwaka unaofuata kabla ya Kwaresima hurudishwa kanisani. Mhudumu wa sakristia huyachoma, akayasaga, akayachekecha kwa chujio la chai mpaka yakawa laini, na hayo ndiyo majivu unayopakwa kwenye paji la uso Jumatano ya Majivu. Wa mwaka jana aliyeshangilia ndiye wa mwaka huu anayeambiwa u mavumbi. Ishara ya namna hii haihitaji mhadhara. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, mtaa mzima ukawa umefunga kwa namna moja au nyingine, na Mkristo aliyekuwa akijisikia shujaa kwa kuacha nyama alikuwa na jirani ambaye hajanywa hata maji tangu alfajiri. Pasaka hufuata mwezi mpevu, utaratibu unaohusishwa na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ambao unaiweka Jumapili baada ya mwezi mpevu wa majira ya machipuo ya kaskazini. Watu wa pwani, ambao maji mafu na bamvua wanayajua kwa mwezi, hawashangai sikukuu kuhamahama.

Mayai ya rangi na sungura sina la kusema. Yapo kwenye mahoteli na maduka makubwa ya Dar es Salaam. Mtaani hayajafika, na sioni anayeyasubiri.

Pango la Noeli, ule mfano wa zizi alimozaliwa Yesu, lina mambo zaidi. Fransisko wa Assisi alilitengeneza Greccio, Italia, mwaka 1223, akaleta nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, kwa sababu alitaka watu waone kwa macho umaskini ule. Watu wakali wa Maandiko wana haki ya kunong'ona hapa: Luka hamtaji ng'ombe wala punda. Wametolewa Isaya 1:3. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu, na anawaingiza katika nyumba, si zizini. Nakubali yote. Lakini angalia vijana wa parokia wanavyolijenga. Karatasi za mifuko ya saruji zinafinyangwa na kupakwa rangi ziwe mwamba, paa ni makuti, nguzo ni vipande vya boriti, mchanga unachotwa pwani. Katikati ya kibanda hicho ambacho ni cha kwetu kabisa analazwa mtoto wa plasta, mweupe, mashavu mekundu, nywele za dhahabu.

Wapo wanaosema rangi haina maana, Yesu ni wa wote, na sanamu zile zilinunuliwa na wazee kwa michango yao. Kuzitupa ni kuwadharau. Hoja hiyo ina uzito, maana mtu aliyesali mbele ya sanamu moja miaka 40 hawezi kuambiwa leo kwamba alikuwa akisali mbele ya ukoloni. Upande wa pili unasema mtoto wa kike wa miaka 6 anayechungulia pangoni anajifunza kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumfundisha. Mimi niko na upande huu wa pili, ila kwa utaratibu: mtoto wa Bethlehemu, kwa kuzaliwa, alikuwa Myahudi wa Mashariki ya Kati, na ukweli huo haumpi Mzungu wala Mmakonde haki ya peke yake. Kinachochekesha ni kwamba Familia Takatifu za mpingo zinachongwa hapa hapa nchini kwa ufundi wa hali ya juu, na wanunuzi wake wakuu ni wageni wanaozipeleka makwao. Ulaya ina Yosefu mweusi mezani, sisi tuna Yosefu wa plasta kutoka Ulaya. Tumebadilishana bila kukubaliana.

Turudi kwenye mti, sasa kwa kipimo kipya. Waliokulia pwani wanakumbuka tawi la mvinje lililokatwa ufukweni, likasimikwa kwenye kopo la mchanga, likatundikwa maputo na kadi za salamu kwenye uzi. Lilikuwa halimgharimu mtu kitu, na lilitoa harufu kwa siku tatu kabla ya kuanza kupukutika. Huko Usambara, ambako wamisionari wa Kilutheri wa Betheli walianza kazi Mlalo mwaka 1891, baridi ni ya kweli na misonobari inapandwa. Mti wa Krismasi wa Lushoto una nasaba ya kueleweka, na ni mila ya familia sasa kwa vizazi kadhaa. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na ule mti wa plastiki unaonunuliwa Kariakoo, uliokwisha kunyunyiziwa rangi nyeupe kiwandani, halafu mwenye nyumba akaongeza pamba juu yake iwe theluji. Desemba! Kaskazi imepamba moto, feni inazungusha joto lile lile, maembe yanaoza chini ya miti kwa wingi wake, na ndani ya nyumba kuna theluji. Simwiti mwenye nyumba mpagani. Namuuliza tu ile pamba inamwambia nini mwanawe juu ya Yesu, au hata juu ya Bagamoyo.

Mtetezi wa pamba atanijibu kwamba watoto wanafurahi, na furaha ya mtoto ni sababu tosha. Nimekaa na jibu hilo na silidharau. Taa zile, mahali ambapo umeme nao una tabia zake, ni sherehe. Wacha ziwake. Lakini mtoto angefurahia maputo kwenye mvinje vile vile, na fedha iliyobaki ingekuwa imekwenda kwenye kitu kingine.

Fedha, kwa kweli, ndipo wapinga sikukuu wanapopiga penyewe, na wangeacha habari za Aurelian wakakaa hapa wangeshinda mabishano mengi. Shule zinafunguliwa Januari. Mzazi aliyeshona sare za familia nzima za kitenge kwa ajili ya misa, akakopa kwenye kikoba ili nyama isipungue, anaamka Januari na orodha ya madaftari, viatu na michango. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wanawajua hao, kwa sababu ndio wanaoombwa kuwakopesha. Kanisa lina sehemu yake ya lawama pale linapopitisha michango ya mapambo, ya kwaya na ya chakula cha wageni ndani ya mwezi mmoja. Upande wa pili unasema, na hilo nalo ni kweli, kwamba kwa nyumba nyingi hizi ni siku chache za mwaka ambazo kila mtu anashiba nyama, na mtu maskini hana deni la kumweleza yeyote kwa nini alitaka mara moja kukaa mezani kama wengine. Kati ya hayo mawili sina kanuni. Nina mwelekeo: ikikatwa, ianze nguo, nyama iwe ya mwisho.

Maana nyama ndiyo inayogawanywa. Mbuzi wa Krismasi kwa nyumba nyingi za Kikristo hapa huchinjwa na jirani Mwislamu, aitwaye asubuhi, apewe kisu, amalize kazi yake kwa bismillahi. Ndipo sahani ya pilau inaweza kufunikwa kwa kawa na kupelekwa nyumba ya tatu bila mtu kuuliza swali, kama ilivyokuja ya Idi. Watoto wa pande zote wanapita barazani wakidai mkono wa sikukuu, na hakuna anayewauliza ni ya nani. Wahubiri wengine wanaikemea desturi hii, wakisema kula nyama hiyo ni kushiriki ibada nyingine, na wanamtaja Paulo, 1 Wakorintho sura ya 10. Wasome basi mpaka mstari wa 25, ambapo Paulo huyo huyo anasema kila kinachouzwa sokoni kuleni bila kuuliza kwa ajili ya dhamiri. Kati ya desturi zote za Noeli ya pwani, hii ndiyo ya mwisho ambayo ningekubali ing'olewe, na ndiyo ambayo haikuletwa na mmisionari yeyote. Wenyeji waliianzisha wenyewe kwa kuishi ukuta kwa ukuta.

Wale wasiosherehekea kabisa waachwe na siku yao ya kawaida. Paulo tena, Warumi 14:5, anasema mtu mmoja aona siku moja ni kubwa kuliko nyingine, mwingine aona zote sawa, kila mtu athibitike katika akili yake. Fundi asiyeadhimisha Krismasi na anayefungua karakana tarehe 25 asisengenywe. Naye, usiku wa tarehe 24 watu wakiwa njiani kwenda mkesha, azime spika.